Kiti ni cha nani? Nyumba za kahawa nilizopenda safarini

Leo nataka kuchambua nyumba za kahawa, kama vile wengine wanavyochambua filamu au kitabu. Ukiona hilo ni jambo la watu wenye pesa, ngoja kidogo, juu hapo ndipo penye shida yenyewe.

Sababu ya kuandika ni hii. Tuko watu sita tuliomaliza masomo pamoja Bukavu, na tuna likelemba yetu. Wawili wana kazi ya kudumu, wengine tunakimbizana na vikazi vya miezi mitatu mitatu kwenye ma-ONG. Mwaka huu wengi wetu wanataka pesa ile itumike kufungua nyumba ya kahawa mjini. Mmoja amekwisha kuchora ramani: mashini ya espresso kutoka Italia, viti vya mbao, ukuta mweusi wenye maandishi meupe, muziki wa taratibu. Akasema, "Tunafanya sawa na Kigali." Wote wakakubali. Mimi nikaomba nipewe muda niandike nilichoona, juu nimepata bahati ya kusafiri kwa ajili ya staji na semina, na kila mji nilipofika nilitafuta kwanza pa kunywa kahawa.

Kuna watu wanaopima nyumba ya kahawa kwa povu la maziwa, kwa intaneti au kwa picha utakazopiga pale. Mimi nina swali moja tu: mtu wa mji ule, asiye mgeni, asiye na mshahara wa dolari, anaweza kuketi pale? Kama hawezi, nyumba inaweza kuwa nzuri namna gani, kwangu itabaki chumba cha kusubiria wasafiri. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Katika nyumba nyingi za kahawa nilizopita, mgeni ndiye anapona, mwenyeji anaangalia kupitia kioo.

Swali hili si jipya. Huko London, miaka ya 1600, mtu alilipa peni moja, akapata kikombe na nafasi ya kusikia habari na mabishano. Ndiyo maana watu waliziita nyumba zile vyuo vikuu vya peni moja. Mfanyabiashara na mwandishi asiye na kitu waliweza kukutana kwenye meza moja. Ila wanawake hawakuhesabiwa kati ya wateja. Kwa hiyo hata zamani zile, bei peke yake haikutosha kumfungulia kila mtu mlango. Shikeni hilo, tutalirudilia tukifika Zanzibar.

Nianze na Kigali, juu ndiyo tunayoiga. Kutoka Bukavu unavuka Ruzizi, unapanda basi Kamembe, unapita msitu wa Nyungwe, na baada ya masaa kama sita uko mjini. Lazima tuwape Wanyarwanda heshima yao. Baada ya mwaka 2000 walijenga vituo vingi vya kuoshea kahawa, wakawafundisha wakulima kuchuma matunda mekundu tu, na mwaka 2008 nchi yao ikawa ya kwanza Afrika kuandaa mashindano ya Cup of Excellence. Kazi ile unaiona ukiingia Question Coffee, nyumba yenye uhusiano na Sustainable Growers, shirika lililofundisha wanawake wengi wanaolima kahawa. Pale nilimkuta dada kwenye mashini ambaye hakuishia kuuliza "unataka nini?" Alinifungulia makopo mawili ninuse, akanieleza tofauti, akajua kila moja ilitoka wapi. Mhudumu anayejua kahawa yake ilitoka mlima gani ni mwalimu. Hilo nalipenda na ningetaka tuliibe.

Lakini ramani ya rafiki yetu haikutoka huko. Ilitoka kwenye nyumba nyingine, sitaitaja, iliyoko juu ya jengo refu. Mlangoni kuna mlinzi anayeangalia mifuko. Ndani kuna baridi ya mashini, kompyuta kila meza, na karibu kila mtu anaongea na mtu aliye mbali. Mhudumu alinisalimia kwa Kiingereza, nikajibu kwa Kiswahili, akatabasamu, akaendelea na Kiingereza chake. Kahawa ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Bei ya kikombe kile kimoja ingenilisha mchana mzima kule Nyabugogo. Nilipotoka nikamuuliza motari aliyekuja kunichukua kama amewahi kunywa pale. Akacheka. "Pale? Pale ni pa kushusha watu."

Jibu lile limebaki kichwani mwangu kuliko ladha ya kahawa. Motari yule anafika pale labda mara kumi kwa siku. Anajua mlango, anajua mlinzi, anajua hata saa ambazo watu wanatoka, lakini kiti cha ndani hakijui. Na inawezekana kwamba mama yake analima kahawa huko Nyamasheke. Nyumba kama ile haikufanya kosa la biashara. Ilichagua watu wake, na watu wake wanalipa. Mimi nauliza tu: sisi sita, watoto wa Kadutu na Bagira, tunataka kuchagua watu walewale?

Mji wa pili ni Addis Ababa. Wengi wetu tukienda mbali tunapita huko kubadilisha ndege, na ukipata bahati ya kulala usiku mmoja, usikae hotelini. Toka asubuhi, tafuta kibanda cha mama mwenye jebena. Jebena ni chungu cheusi cha udongo chenye shingo ndefu. Mama anakaanga kahawa mbele yako juu ya kikaango kidogo, anakupitishia moshi wake unuse, anaitwanga, anaichemsha. Chini ametandaza majani mabichi, pembeni kuna ubani, na pengine unapewa bisi za kutafuna. Unakaa kwenye kigoda kifupi hadi magoti yanakaribia kidevu. Kikombe hakina mkono, ni kidogo, na kahawa yake ni nzito.

Sherehe ya kahawa ikifanywa nyumbani kikamilifu, inamiminwa mara tatu. Mzunguko wa kwanza wanauita abol, wa pili tona, wa tatu baraka. Neno la tatu hata sisi tunalielewa bila mkalimani. Kuondoka kabla ya baraka si adabu. Kule barabarani watu wana haraka, wengi wanakunywa kikombe kimoja, lakini hali ni ileile: hunywi peke yako. Upande wangu wa kushoto alikaa dereva wa taksi, upande wa kulia binti wa benki na beji yake shingoni, na mbele yangu mlinzi aliyetoka kazi ya usiku. Vigoda vyote vina urefu mmoja.

Nikaenda pia Tomoca, nyumba ya zamani iliyoanza mwaka 1953. Pale hukai. Unalipa, unapewa kikaratasi, unapokea makiato yako, unasimama kwenye meza ndefu za juu, unakunywa, unatoka. Kwa mtu wa TFC anayetafuta pa kufungua kompyuta masaa manne, pale hapamfai. Lakini juu watu hawakai, nafasi haikosekani, na juu nafasi haikosekani, bei haihitaji kupanda. Nilimwona mzee mwenye suti na fimbo, na kijana mwenye ndoo ya rangi mkononi, wamesimama kwenye meza moja wakikoroga sukari. Nilielewa kwa nini Ethiopia inakunywa yenyewe karibu nusu ya kahawa yote inayolima. Waethiopia wana msemo kwamba kahawa ndiyo mkate wao, na mkate hauwezi kuwa wa wageni peke yao.

Kutoka hapo niwapeleke Zanzibar, kwa sababu ya watu wale waliosahaulika London. Unguja ni kisiwa cha karafuu, kahawa yake inatoka bara, lakini sijaona mahali ambapo kahawa imeingia katika maongezi ya watu kama pale. Kwenye Mji Mkongwe kuna mahali panaitwa Jaws Corner, njia kadhaa zinakutana, na wanaume wanakaa kwenye baraza za mawe wakibishana siasa na mpira. Muuza kahawa ana dele lake juu ya makaa, anagonganisha vikombe mkononi ili ujue yupo. Kahawa chungu, bila sukari, na kipande cha kashata pembeni kwa anayetaka utamu. Bei yake haimsumbui mtu. Nilipofungua mdomo walitambua mara moja kwamba si wa pwani, wakacheka "mutu" yangu na "kawa" yangu, kisha wakanisogezea nafasi na kuniuliza habari za Congo mpaka vikombe vitatu.

Kwa swali langu la bei, kijiwe kile kinashinda nyumba zote za Kigali. Hakina mlango, kwa hiyo hakina mlinzi wa mlango. Lakini nilikuwa na mwenzangu wa semina, dada wa Lubumbashi, msomi kuliko mimi. Alipokea kikombe chake, akanywa akiwa amesimama, akakirudisha. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemsogezea nafasi vilevile. Baadaye akaniambia, "Kahawa ilikuwa nzuri, ila ile baraza inaongea lugha ya wanaume." Kwa hiyo hata kiti cha bure kina mwenyewe. Tukifungua nyumba yetu kwa mtindo wa kijiwe bila kufikiri, tutapata kijiwe cha wanaume wa Nyawera wanaobishana mpira, na wadada wetu watapita mbio kama wanavyopita kwenye kila baa. Addis walikwepa shida hiyo kwa njia rahisi: mwenye jebena ni mama, na mahali ni pake. Anayekaa pale anakaa kwa adabu ya nyumba ya mama.

Nyumba ya nne iko Moshi, chini ya Kilimanjaro. Inaitwa Union Café, na iko ndani ya jengo la KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Ushirika ule ulianzishwa mwaka 1933, ukichukua nafasi ya chama cha wakulima cha mwaka 1925. Nilifika Moshi kwa semina juu ya ushirika, na mkufunzi wetu akatuambia, "Kama mnataka kuelewa somo la leo, nendeni mkanywe." Kahawa ya pale inatoka kwa wakulima wa milima ileile unayoiona juu mawingu yakifunguka. Wateja wengi ni wageni waliokuja kupanda mlima, viatu vikubwa na jua usoni, na bei inawajua. Kwa swali langu la kiti, Union Café haipati alama zote. Lakini ina kitu ambacho sikukiona penginepo: nyumba ni ya ushirika wa wakulima wenyewe. Kwenye meza ya pembeni nilimwona mzee mwenye koti la zamani na faili la karatasi, bila shaka amekuja kwa shughuli za chama chake. Alikuwa anakunywa chai! Nikacheka moyoni, halafu nikafikiri: ana haki. Mtu anayekunywa chai ndani ya nyumba ya kahawa bila kuogopa kuangaliwa vibaya ni mtu aliye kwake.

Sasa turudi Bukavu, juu uchambuzi wote huu ni kwa ajili ya huku.

Kahawa yetu si ndogo. Arabika inaota Kabare, Kalehe, Walungu, Idjwi. Pale Mulungu, tangu enzi ya Wabelgiji, kuna kituo cha utafiti wa kilimo kilichofanya kazi juu ya kahawa hiyo. Hata robusta, ile inayojaza makopo ya kahawa ya unga dunia nzima, mbegu zake zilitoka Congo kuelekea Java mwanzoni mwa miaka ya 1900, baada ya ugonjwa wa kutu ya majani kuharibu mashamba ya huko. Bibi yangu wa Katana alikuwa na miti yake nyuma ya nyumba. Nikiwa mtoto nilimuuliza kwa nini hatuinywi. Akanijibu, "Mutoto wangu, ile kawa ni ya kuuzisha, haiko ya kunywa." Alisema bila huzuni yoyote, kama mtu anayekuambia kwamba mvua inatoka juu.

Wakati wa vita na baada yake, vituo vya kuoshea vilikufa, na kahawa ya Kivu ilivuka ziwa usiku kwa mitumbwi kwenda kuuzwa Rwanda. Watu wengi walizama. Na kahawa iliyofika ilipoteza jina njiani, juu hakuna aliyeuliza mtumbwi ulitoka wapi. Kazi ya kulirudisha jina ilifanywa na vyama vya wakulima, kama SOPACDI ya Minova, waliojenga upya uoshaji na kutafuta wanunuzi wa mbali. Baadaye yakaja mashindano ya Saveur du Kivu, waonjaji wakakaa na vijiko vyao, wakatoa alama. Starbucks ikauza kahawa yenye jina la ziwa Kivu. Na mwaka 2021 Nespresso ikatoa kahawa ya vidonge iliyoandikwa kwa Kiswahili: Kahawa ya Congo. Kwa Kiswahili, wandugu! Mtu wa Geneva anasoma lugha ya bibi yangu juu ya boksi asubuhi, na bibi yangu hakuwahi kuonja kilichomo.

Mimi sisemi wale wa mbali wasinunue. Wanunue, walipe vizuri, mkulima apate. Nasema kuhusu huku. Niliingia siku moja kwenye hoteli ya mji wetu yenye kuangalia ziwa, nikaomba kahawa. Wakaniletea maji ya moto, sukari, na sashe ya unga wa kahawa uliotengenezwa ng'ambo. Kutoka pale, kwa boti ni masaa machache tu kufika Idjwi, ambako miti ya kahawa inaota mpaka karibu na jiko. Ni kweli siku hizi wako vijana wa Bukavu na Goma wanaokaanga kahawa ya kwetu na kuifunga kwenye mifuko mizuri, na ninawapongeza kabisa. Lakini mifuko mingi inaishia kwenye rafu za duka kubwa na kwenye masanduku ya wageni wanaorudi kwao. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayekula mandazi mbili asubuhi bado anaijua kahawa kama bibi yangu alivyoijua: ni kitu cha kuuzisha.

Ndiyo maana ramani ya rafiki yetu inanisumbua. Tufanye hesabu pamoja, kama zamani kabla ya mtihani. Inahitajika kama kilo 6 za matunda mekundu kupata kilo 1 ya kahawa mbichi iliyo tayari kukaangwa. Ukiikaanga inapungua uzito, utabaki na kama gramu 850. Espresso ya kikombe kikubwa inakula kama gramu 18, basi kilo ile inatoa vikombe 47 hivi. Kwa birika na vikombe vidogo, gramu 10 kila kimoja, unapata 85. Gawanya bei ya kilo kwa vikombe hivyo, utaona kwamba kahawa yenyewe ni sehemu ndogo sana ya kile mteja analipa. Kinachobaki kinalipa nini? Kinalipa mashini ya Italia. Kinalipa kodi ya nyumba kwenye barabara kubwa. Kinalipa mafuta ya jenereta, juu mashini ya namna ile inaweza kula kilowati 3 au zaidi, na sote tunajua umeme wa SNEL unakuja unavyotaka. Kinalipa ukuta mweusi.

Maana yake, siku tunapochora ramani ndiyo siku tunapochagua nani ataketi. Baadaye tutasema bei imepanda kwa sababu ya maisha, lakini si kweli. Bei imepanda kwa kalamu yetu.

Rafiki yangu ana hoja zake, na si za kipumbavu. Anasema: mtu wa kawaida Bukavu hanywi kahawa, anakunywa chai, na ukimtegemea utafunga mlango kabla ya miezi sita. Watu wa ONG wapo, wanalipa dolari, tuwauzie wao kwanza, pesa ikipatikana tutafikiria wengine. Anaongeza kwamba tumechoka kuonekana maskini, na kijana mwenye diplome ana haki ya kukaa mahali pazuri penye kioo. Hoja hii ya mwisho inanigusa, juu hata mimi nimekaa Kigali kwenye kiti laini nikajisikia mtu.

Lakini angalieni. Watu wa ONG wanakuja na mradi, na wanaondoka na mradi. Mwaka ambao njia inafungwa, hoteli zao zinabaki na viti vitupu, na sisi tutabaki na deni la mashini. Mwanafunzi haondoki. Kila mwaka wanakuja wapya kwenye UCB, UOB, ISP na kwingine. Kusema mtu wa Bukavu hapendi kahawa ni kumhukumu bila kumsikiliza, juu hajawahi kuuziwa kahawa nzuri kwa bei ya chai. Na kuhusu mahali pazuri: uzuri si lazima uwe wa kioo. Kile kibanda cha Addis kilikuwa na majani mabichi chini, moshi wa ubani, vikombe safi, na mama anayekuuliza umeamkaje. Sikujisikia maskini pale hata dakika moja.

Basi pendekezo langu kwa wenzangu watano ndilo hili, na naliandika hapa ili na ninyi mnaosoma mlikosoe. Tusinunue mashini mwaka huu. Tuchukue chumba cha kawaida karibu na wanafunzi, viti kumi na viwili vya urefu mmoja. Tukaange wenyewe, tupike kwa birika. Makaa tuyaepuke tukiweza, juu tunajua msitu wa Kahuzi-Biega unalipa bei yake. Jiko dogo la gesi litatosha. Kahawa tuinunue moja kwa moja kwenye chama cha wakulima chenye jina, na jina hilo tuliandike ukutani: kijiji, kituo cha kuoshea, mwezi wa mavuno. Yule atakayehudumia ajue kulieleza, kama dada wa Question Coffee. Bei ya kikombe kidogo isizidi bei ya chai na mandazi kwa mama wa jirani. Mwenye mahali awe mmoja wa dada zetu wawili wa kikundi, aongoze kwa sauti yake, ili ile baraza isije ikaanza kuongea lugha moja tu. Na chama cha wakulima tukiombe kiingie kama mshiriki, hata kwa sehemu ndogo, kama tulivyojifunza Moshi. Mkulima akija mjini kwa shughuli zake, awe na mahali pa kukaa na faili lake, hata kama anataka chai.

Tutapata faida ndogo, nakubali. Wale wawili wenye mshahara watavumilia, sisi wengine tutaumia zaidi. Tukishindwa, tutashindwa kwa hasara ya birika na vigoda, si kwa hasara ya mashini ya Italia. Na tukifaulu, kutakuwa na mahali Bukavu ambapo motari anayekushusha mlangoni anaweza kuzima moto yake, akaingia, akaagiza.

Jumamosi tunapiga kura. Kura yangu mmeisoma. Wewe uliyekunywa kahawa Bujumbura, Kampala, Lubumbashi au mbali zaidi, tuambie: pale ulipopapenda, aliyekuletea kikombe naye anaweza kuketi?